Mwanguko wa Tatu wa Bi Siwema

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nimeshaulizwa mara mbili na mabwana wenye miwani nyeusi kama ipo, na mara zote mbili nimejibu kwa moyo mkunjufu kwamba haipo, wakaniruhusu kwenda zangu. Basi msihangaike na ramani. Mkiona mahali panafanana na kwenu, ni macho yenu tu.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo mimi nilikuwa Karani wa Muhuri, Idara ya Mianguko ya Wazee Majumbani. Si cheo kidogo hicho. Karani wa kawaida anaandika, karani mwandamizi anasoma kilichoandikwa, lakini pasipo muhuri wangu kilichoandikwa hakijaandikwa na kilichosomwa hakijasomwa. Niliupiga muhuri ule miaka kumi na tisa, asubuhi na mchana, na kwa kuwa nimelelewa vizuri sikuwahi kuuliza karatasi inasema nini.

Idara yetu ilizaliwa na utafiti. Daktari mmoja kijana, ambaye bado hajajua dunia, alizunguka nyumba kwa nyumba akakuta kwamba wazee wengi mno wanaanguka kwao wenyewe, tena si juu ya miti wala juu ya mapaa, bali bafuni, jikoni na mlangoni. Akaandika na sababu: sakafu zinazoteleza, mikeka iliyojikunja, taa zilizoungua, ndara zilizokwisha soli, dawa zinazoleta kizunguzungu. Akapendekeza wazee wawekewe vyuma vya kushikia, taa ziwake, na wapewe viatu vinavyoshika chini. Taarifa yake ilikuwa na kurasa nne.

Serikali iliisoma ikasikitika sana. Haikusikitikia wazee, ilisikitikia zile kurasa nne. Jambo zito haliwezi kuwa na kurasa nne, labda liwe la nchi ndogo. Ikaundwa kamati, kamati ikazaa tume, tume ikazaa Idara, na Idara ikapewa jengo la ghorofa tano lisilo na lifti. Wazee walioanguka walitakiwa kuja wenyewe kuripoti, ghorofa ya tano, chumba cha mwisho mkono wa kushoto. Mwaka wa kwanza walifika wachache sana, nasi tukaandika kwamba mianguko imepungua. Waliodondoka kwenye ngazi zetu hatukuwahesabu, kwa kuwa Idara si nyumbani kwa mtu.

* * *

Sheria yenyewe iliitwa Sheria ya Mianguko Mitatu, na ilikuwa nyepesi kuelewa. Mzee akianguka mara ya kwanza anapewa pole ya maandishi. Akianguka mara ya pili anapewa onyo. Akianguka mara ya tatu anastahili chuma cha kushikia, na siku hiyo hiyo anahamishiwa Kituo cha Taifa cha Kukaa.

Kituo hicho kilikuwa fahari yetu. Ukumbi mmoja mpana, sakafu tambarare, viti mia sita vilivyofungwa chini kwa skrubu, kila kiti na mkanda wake. Tangu kifunguliwe hakuna mzee hata mmoja aliyeanguka pale, kwa sababu hakuna aliyeinuka. Wageni kutoka nchi nyingine walipoletwa kukitazama walinyamaza kimya, nasi tulijua ni wivu.

Vile vyuma vya kushikia vilibaki stoo. Kule Kituoni hapakuwa na haja navyo, na nyumbani mwenyewe alikuwa hayupo tena. Nimewahi kuingia stoo hiyo. Vyuma elfu nne vimepangwa mpaka darini, kila kimoja kimening'inizwa jina la mzee wake, vinang'aa, havijaguswa na mkono wa mtu. Sijawahi kuona mali ya umma iliyotunzwa vile.

* * *

Bi Siwema binti Mlekwa alifika mezani kwangu siku ya Jumanne saa nne, ndara mkononi, kanga imelowa jasho. Alikuwa na miaka sabini na minane na alikuwa amepanda ghorofa zote tano kwa makalio na kwa mdomo, maana kila alipopumzika tulimsikia akimwambia mtu asiyejulikana maneno yake.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji kwanza, halafu tusemezane."

Nikampa maji. Akayanywa yote, akashusha pumzi, akaeleza shida yake. Anaishi peke yake mtaa wa Kisiki, katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Mlango wake wa nyuma una ngazi mbili za saruji za kushukia uani, na uani ndiko kiliko choo. Ngazi ya pili imemomonyoka pembeni. Juzi alikuwa anashuka na ndoo ya maji ya sabuni, mguu ukateleza, akajikuta chini anatazama mawingu.

"Umevunjika?" nikauliza, kwa sababu fomu inauliza.

"Ndoo ndiyo iliyovunjika. Mimi nimeumia kiuno tu. Sasa sitaki pole yenu. Nataka chuma ukutani, cha kushika nikishuka."

"Chuma ni cha mwanguko wa tatu, mama."

"Na nikianguka mara ya tatu si mnanipeleka kule kwenye mikanda?"

"Ndiyo, mama."

"Na chuma changu?"

"Kitakuwepo. Kitaandikwa jina lako kabisa."

"Kitakuwepo wapi?"

"Stoo."

Alinitazama kwa muda. Ni wazee wachache wanaojua kumtazama mtu namna ile, na wengi wao walikuwa marafiki wa mama yangu. Akasema taratibu, "Mwanangu, alfajiri mtaa mzima wa Kisiki unakula vitumbua vyangu. Jikoni kwangu najua kila kitu kilipo hata nikifumba macho. Mimi mle ndani nitatoka, sikatai, lakini nitoke nimebebwa na nimeshakufa. Sitatoka mzima kwenda kufungwa mkanda kama mzigo."

Nikampigia muhuri karatasi yake ya pole. Aliipokea, akaikunja mara nne, akaniambia itamfaa kuwashia moto wa vitumbua.

* * *

Kwa mujibu wa taratibu, mwanguko wa kwanza ni lazima ukaguliwe. Akatumwa Mkaguzi Mkuu mwenyewe, Bwana Mtipa, mwanamume wa miaka arobaini na moja anayetembea na pima maji, kile kipimo cha fundi cha kupimia usawa, shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Mimi nilimfuata na muhuri.

Bwana Mtipa alikagua sebule, akakagua jiko, akaonja kitumbua kimoja kwa niaba ya serikali, kisha akaonja cha pili kuthibitisha. Tukafika mlango wa nyuma.

"Baba, angalia hapo," Bi Siwema akamwambia. "Ngazi ya pili ndiyo mbaya."

"Bibi, nimesomea ngazi," alijibu Bwana Mtipa, akashuka huku anatazama pima maji yake.

Alianguka vizuri sana. Miguu ilitangulia, pima maji likafuata, na kofia ikaja baadaye kabisa. Tukamwinua, tukampangusa vumbi, na yeye, bila kupoteza hata dakika, akaitisha fomu.

Hapo ndipo nilipoona akili ya mtu mkubwa. Mwanguko umetokea, hilo hakuna anayelikana. Lakini Idara yetu inashughulika na wazee, na Bwana Mtipa si mzee. Mwanguko nao hauwezi kukosa mwenyewe, ukaachwa ukazurura tu mtaani. Umetokea nyumbani kwa mzee, kwenye ngazi ya mzee, mbele ya mzee. Basi ni wa mzee.

"Andika mwanguko wa pili, Bi Siwema binti Mlekwa," akaniamuru.

"Mimi nilikuwa nimesimama hapa mlangoni," akasema Bi Siwema.

"Ndiyo maana hukuumia," Bwana Mtipa akamjibu, akampa onyo.

Nikapiga muhuri. Bi Siwema akabakiwa na mwanguko mmoja tu maishani, na mtaa wa Kisiki ukabaki ukimwangalia kila anapoinuka kitini.

* * *

Jirani yake, Fundi Chande, alikuwa mtu wa kulehemu madirisha, na hakuwa msomaji wa sheria. Aliposikia habari hizo alichukua kipande cha bomba la chuma kilichokuwa kimelala nyuma ya karakana yake, akakikata, akakisugua, akakifunga ukutani kandokando ya zile ngazi mbili. Kazi nzima ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Bi Siwema akawa anashuka na kupanda bila shida, na jioni anasimama pale ameshika chuma chake, anazungumza na majirani juu ya ukuta.

Lakini wakati huo huo makao makuu yalikuwa na msiba. Idara ilikuwa inakaribia kutimiza miaka ishirini, gazeti lilitaka picha ya mzee ameshika chuma cha serikali, na ilipotafutwa picha hiyo ikaonekana kwamba hakuna mzee aliyewahi kukishika. Ikaamuliwa kwamba Waziri mwenyewe azindue chuma cha kwanza, katika nyumba ya mzee wa kawaida, isiyozidi hatua sitini kutoka lami. Nyumba ya Bi Siwema ilikuwa hatua hamsini na nane.

Bwana Mtipa akatangulia kukagua, akaona bomba la Fundi Chande, akachachamaa.

"Hiki nini?"

"Chuma cha kushikia," akasema Fundi Chande.

"Najua. Nauliza kimewekwaje kabla hakijazinduliwa? Mheshimiwa atawekaje chuma cha kwanza mahali penye chuma?"

"Basi si mmwambie kipo tayari, akapumzike?"

Bwana Mtipa alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekosa shule. Bomba likang'olewa, likaenda stoo kama kielelezo. Bi Siwema akaelezwa kwamba baada ya wiki mbili Mheshimiwa atamfungia chuma cha serikali kwa mkono wake, kitapigwa picha, kisha kitarudishwa stoo kumsubiri aanguke mara ya tatu kihalali.

Kwa wiki mbili hizo Bi Siwema alishuka zile ngazi kwa makalio, moja moja, akiwa amejifunga kanga mbili. Sikuona ubaya wowote siku hizo. Leo nikikumbuka naona aibu, na nasema wazi.

* * *

Asubuhi ya hafla nyumba ilipambwa. Vijana wa manispaa walizipaka ngazi nta nyekundu, wakazisugua mpaka ukaweza kujitazama meno. Juu ya nta wakatandika zulia, na kwa kuwa zulia lilikuwa refu kuliko ngazi wakalikunja mwishoni. Pembeni wakapanga vyungu vya maua, palepale mtu anapotaka kukanyaga, na chuma cha serikali chenyewe wakakiegemeza ukutani. Waya wa kipaza sauti ukapita katikati, na utepe wa kukatwa ukafungwa chini chini, usawa wa kifundo cha mguu, ili usimzibe Mheshimiwa kwenye picha. Ilipendeza mno. Daktari yule wa kurasa nne alikuwepo, nikamwona ameshika kichwa, nikadhani ni furaha.

Uani hapakuwa na njia nyingine ila ule mlango wa nyuma, kwa hiyo msafara wote ulipita sebuleni kwa Bi Siwema tangu saa mbili: maafisa, wapiga picha, na bendi na ngoma yake kubwa. Tulikuwa watu arobaini katika ua wa kutosha kuku kumi. Bi Siwema alipangiwa kusimama mlangoni, juu ya ngazi, mkono wake kwenye mwimo wa mlango, na aliambiwa asisogee mpaka atakapoitwa.

Kabla hajafika Mheshimiwa tulikumbushwa itifaki. Katika nchi yetu mdogo hamwachi mkubwa peke yake katika jambo lolote. Mkubwa akivua kofia, tunavua. Akikohoa, tunakohoa. Mwaka fulani mkubwa mmoja aliumwa na nyuki shavuni katikati ya hotuba, na watumishi wote wakarudi nyumbani wamejipiga makofi mpaka wamevimba. Hiyo tunaiita heshima, na nchi nyingine hazinayo.

Mheshimiwa Dokta Nyangumbo alifika saa saba. Kwa maandishi alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa nayo hiyo hiyo kwa muda mrefu. Waziri wa Wazee haifai awe mzee mwenyewe, watu wangesema ana maslahi binafsi. Alipanda gari akishikwa huku na huku, akashuka akishikwa huku na huku, na alipopita sebuleni nilisikia magoti yake yakilia.

Akasimama juu ya ngazi, kando ya Bi Siwema, akaanza.

"Ndugu wananchi. Mwanguko ni adui. Mwanguko haubagui dini wala kabila. Wenzetu walioendelea wanaanguka kiholela, kila mtu na lake, lakini sisi tumeuwekea mwanguko utaratibu. Zamani mzee alikuwa anaanguka na hakuna aliyejua. Leo mzee akianguka, serikali inajua, inaandika, inafungua jalada. Nawaahidi, kabla ya mwisho wa mwaka huu, tutauangusha mwanguko wenyewe, na hautainuka."

Tukapiga makofi. Mheshimiwa, kwa kufurahishwa na makofi, akanyanyua mguu kushuka kwenda kukata utepe.

* * *

Sijui kilichomshika kwanza ni nini. Nta ilikuwepo, zulia lilikuwepo, waya ulikuwepo, chungu kilikuwepo, na utepe ulikuwepo. Nadhani kila kimoja kilitaka kumpokea. Mheshimiwa aliteleza, akakalia ngazi ya kwanza, akaiacha, akakalia ya pili, akaiacha pia, kisha akalala uani kifudifudi na mkasi mkononi.

Tukatazamana. Bwana Mtipa ndiye aliyekumbuka itifaki kwanza: akajitupa juu ya maua. Akafuata Katibu, wakafuata wakurugenzi kwa kupishana vyeo, wakafuata maafisa, kisha bendi. Mpiga ngoma kubwa alianguka na ngoma yake, tukasikia mlio mmoja mzito. Wapiga picha walilala wakiwa wanapiga picha anga. Na mimi nikalala, taratibu, karibu na ngazi, nimeinua muhuri juu usiingie mchanga. Hata Fundi Chande, aliyekuja kutazama, tulimvuta miguu naye akalala.

Katika ua ule wote mtu aliyebaki amesimama alikuwa mmoja. Bi Siwema alikuwa palepale mlangoni alipoambiwa asisogee, mkono kwenye mwimo.

"Pole, baba," akasema. "Usiinuke haraka. Watu wanavunjika wakati wa kuinuka."

Mheshimiwa akatulia. Watu arobaini tukatulia.

"Vuta pumzi kwanza. Jisikilize mwili. Pana pahali panauma sana?"

"Hapana," akasema Mheshimiwa, sauti imejaa mchanga.

"Hapana," tukasema sote.

"Haya. Geuka ubavu. Hivyo. Sasa egemea kiwiko, piga magoti kama unayetambaa. Tambaa mpaka kwenye kile kiti."

Mheshimiwa akatambaa kuelekea kiti chake cha heshima, na nyuma yake wakurugenzi wakatambaa kuelekea viti vyao, na wasiokuwa na viti wakatambaa kuelekea vyungu. Mimi nilikuwa nimelala chini ya ngazi kabisa, na njia ya Mheshimiwa ikapita karibu yangu. Hapo alisita kupumzika. Bi Siwema akainama, mkono bado kwenye mwimo, akamwambia kwa sauti ndogo maneno ambayo sikupaswa kuyasikia.

"Kaka, magoti hayo si ya miaka hamsini na minane."

"Sabini na tisa, dada," akanong'ona Waziri. "Nakuomba usiseme."

"Nyumbani unaanguka?"

"Bafuni. Kila wiki."

"Si uweke chuma?"

"Nikiweka watajua."

Nilimtazama yule mtu mkubwa, shavu limeganda mchanga, mkasi bado mkononi, nikamwonea huruma. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumwonea huruma waziri.

"Haya," Bi Siwema akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mikono juu ya kiti. Mguu wenye nguvu utangulie. Jisukume, geuka, kaa. Usisimame mpaka kichwa kitulie."

Watu arobaini na mmoja wakainuka uani kwa Bi Siwema, wakakaa, wakangoja vichwa vitulie. Hakuna aliyeumia. Daktari wa kurasa nne alikuwa anaandika haraka haraka, na nafikiri ulikuwa ukurasa wa tano.

* * *

Bwana Mtipa alikuwa na maua kwenye masikio, lakini kazi haikumtoka kichwani. Akaja kwangu na fomu.

"Pametokea mwanguko," akatangaza. "Mheshimiwa hakuanguka, kwa kuwa umri wake hauruhusu. Sisi hatukuanguka, tulikuwa tunaheshimu. Lakini mwanguko umetokea, nyumbani kwa mzee, kwenye ngazi ya mzee. Karani, andika mwanguko wa tatu, Bi Siwema binti Mlekwa. Basi la Kituo lipo nje, nililiita mapema kwa tahadhari."

Majirani waliokuwa wamepanda juu ya ukuta wakaguna. Fundi Chande akasimama, akaketishwa. Bi Siwema hakulia wala hakubembeleza. Aligeuza kichwa akatazama jikoni kwake, ndani, kwenye giza la moshi ambamo anajua kila kitu kilipo, kisha akamtazama Waziri. Waziri akatazama viatu vyake. Sote tukatazama viatu vyetu.

Nikaanza kujaza fomu. Jina. Umri. Mtaa. Idadi ya mianguko. Nilikuwa namfikiria mama yangu, ambaye kwake kuna ngazi moja na ndara zilizokwisha soli, na ambaye kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikimwambia awe mwangalifu. Nikafika kipengele cha saba. Nikakisoma, nikakirudia.

"Bwana mkuu," nikasema, "kipengele cha saba. Jina la mtu aliyemwinua aliyeanguka."

"Andika mimi."

"Kuna maelezo chini yake. Aliyeinua awe alikuwa amesimama wakati wa mwanguko. Wewe ulikuwa umelala kwenye maua."

"Andika Katibu."

"Alilala baada yako."

"Mwandike mpiga ngoma."

"Yeye tulimsikia wote."

Bwana Mtipa akazungusha macho uani, mtu kwa mtu. Kila aliyetazamwa alikuwa na mchanga mahali fulani. Aliyekuwa msafi toka utosini mpaka kwenye unyayo alikuwa mmoja tu.

"Aliyekuwa amesimama ni Bi Siwema peke yake," nikasema. "Kama yeye ndiye aliyeinua, basi hakuanguka. Na kama yeye ndiye aliyeanguka, hakuna aliyeinua, na fomu haijajaa. Mimi fomu isiyojaa siipigi muhuri."

"Tangu lini?"

"Tangu leo," nikajibu. Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheo.

Sote tukamgeukia Mheshimiwa. Alizitazama zile ngazi mbili zenye nta chini ya zulia, ambazo ndiyo njia pekee ya kurudi kwenye gari lake.

"Chaneni hiyo fomu," akasema. "Na hicho chuma kifungwe."

"Kifungwe kwa ajili ya picha, Mheshimiwa," Bwana Mtipa akasema. "Baadaye kwa kanuni kinarudi st—"

"Bwana Mtipa, mimi hapo nitapandaje?"

Fundi Chande hakungoja kuambiwa mara mbili. Alilitoa zulia akalitupa pembeni, akakwangua nta, akatoboa ukuta, akafunga chuma cha serikali kwa boliti ndefu nne. Kisha, kabla Bwana Mtipa hajafungua mdomo, akavikata vichwa vya boliti vyote, akavisugua vikawa laini. Kukitoa kile chuma sasa ingebidi uondoke na ukuta.

Mheshimiwa akainuka, akanyoosha mkono kukishika. Bi Siwema akamzuia.

"Samahani, kaka. Ngoja nianze mimi. Tangu saa mbili mmenizibia njia ya choo."

Akashika chuma, akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, tukampisha, akaingia chooni akafunga. Mheshimiwa, kwa kuona mzee ameshuka salama, akainua mkono kidogo kumpongeza. Kiongozi wa bendi alidhani ndiyo ishara. Ukapigwa wimbo wa taifa, beti zote sita, nasi tukasimama wima, mikono ubavuni, tumeuelekea mlango wa choo.

Ubeti wa tano ukiwa unakwisha Bi Siwema alitoka. Alituona tulivyosimama. Akanawa mikono kwa kata, akashika chuma, akapanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili, akaingia ndani mwake, akafunga mlango kwa komeo, kama anavyofanya siku zote.

Wimbo ukaisha. Tukabaki uani, Waziri, Katibu, wakurugenzi, bendi na mimi. Mheshimiwa Dokta Nyangumbo alipanda zile ngazi ameshika chuma kwa mikono miwili, akafika juu, akarekebisha tai yake.

"Hodi," akasema.

"Hodi," tukasema sote, tukangoja kukaribishwa.